Usiseme "Hana Kichwa"

Msomaji, kila muhula unapokwisha, watoto wa shule hupanda na kushuka vilima vya Meru na Embu wakiwa na karatasi mikononi. Karatasi hizo zimeandikwa alama za mtoto na nafasi yake katika darasa. Jioni hufunguliwa mbele ya jamaa, na ikiwa habari zilizomo si njema, hatakosa kutokea mtu mzima mmoja, pengine mjomba, pengine jirani aliyekuja kuomba chumvi, akatoa hukumu yake kwa maneno machache: "Huyu hana kichwa. Hata baba yake hakuwa nacho." Wote hunyamaza. Mtoto naye husikia, na kwa kuwa amefundishwa kuwaheshimu wakubwa, huamini.

Mimi ni mwalimu, na kazi yangu sasa ni kuwafundisha vijana watakaokuwa walimu. Neno hilo nimelisikia nyumbani, nimelisikia katika vyumba vya walimu, na, nakiri kwa haya, nimelisema mwenyewe. Katika insha hii nakusudia kulipiga vita. Nasema kwamba mara nyingi ni neno la uongo, siku zote ni neno la uvivu, na kwa mtoto ni neno la ukatili, maana hana njia ya kujitetea.

Chungu cha chakula hukaa juu ya mafiga matatu. Masomo ya mtoto nayo hukaa juu ya matatu: akili yake, nyumba yake na shule yake. Chungu kikipinduka, mpishi mwenye busara huyatazama mafiga yote, alijue lililoteleza. Sisi hatufanyi hivyo. Mtoto akianguka, twakimbilia kulilaumu figa moja tu, nalo ni lile lisiloonekana kwa macho. Nyumba twaiona, shule twaiona. Akili imefichwa ndani ya fuvu, haiwezi kutujibu. Ndiyo maana ni rahisi kuishtaki.

Niruhusu nianze na kosa langu. Nilipokuwa mwalimu mchanga nilifundisha shule moja ya msingi katika nchi ya chini, kule ambako ardhi ya Embu huyaacha mashamba ya majani chai na kahawa, ikateremka mpaka nyika kavu ya Mbeere, nchi ya mtama, kunde na ndengu. Katika darasa langu la sita alikuwamo msichana aliyekaa nyuma kabisa. Somo la kwanza la asubuhi lilikuwa hesabu, na katika hesabu hakupata kuvuka alama 10 katika 100. Alisinzia. Nilipomwuliza swali alinitazama kama kwamba nimesema lugha ya ng'ambo. Baada ya majuma machache nilikata shauri. Niliandika katika karatasi yake kwamba uwezo wake ni mdogo, kisha nikaacha kumwuliza maswali, nikidhani namhurumia.

Muhula uliofuata shule ilianza kuwapa watoto uji saa nne, na ratiba ikabadilishwa. Hesabu ikawa baada ya uji. Mwishoni mwa muhula ule msichana alipata alama 42. Nilimwita nikamwuliza ni nani aliyemfundisha. Akajibu, "Hakuna, Mwalimu. Ila saa hizi macho huwa yamefunguka." Nikaendelea kuuliza, nikafahamu habari ambayo ilinipasa kuifahamu tangu mwanzo. Aliamka saa kumi za usiku kwenda mtoni na mtungi, akarudi, akatembea mpaka shule bila kutia kitu kinywani. Hakuwa wa kwanza darasani, wala hakupata kuwa. Walakini zile alama 32 nilizokuwa nimeziita upungufu wa akili zilikuwa upungufu wa uji na usingizi. Karatasi niliyoiandika haikuwa habari ya kichwa chake. Ilikuwa habari ya tumbo lake, na mimi sikujua kuisoma.

Yamkini utasema kwamba hilo ni kosa la mwalimu mmoja. Laiti lingekuwa hivyo! Neno "hana kichwa" lina historia ndefu katika nchi yetu, na lilisemwa kwanza juu ya watu wote wa nchi hii. Katika miaka ya 1930, wakati wa utawala wa Waingereza, daktari mmoja wa Nairobi aitwaye H. L. Gordon alidai kwamba Mwafrika wa Kenya amezaliwa na akili pungufu. Mwenzake, F. W. Vint, alipima bongo za Waafrika waliokufa, na mwaka 1934 akachapisha maandishi ya kuunga mkono madai hayo. Gordon alitilia shaka kama ni jambo la hekima kuwapa elimu ya Kizungu watu wa namna hiyo. Tazama mantiki yake: watu wamenyimwa shule, kisha wakapimwa, wakaonekana hawajui mambo ya shule, na kutojua kwao kukafanywa sababu ya kuwanyima shule.

Hukumu hiyo haikudumu. Mwaka 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, mmoja wa wale wanane waliochaguliwa alikuwa Bernard Mate, mwalimu mzaliwa wa Meru. Miaka 23 tu ilikuwa imepita tangu maandishi ya Vint. Bongo za watu hazikubadilika katika miaka 23. Milango ndiyo iliyofunguliwa, na si yote. Leo hapana Mkenya awezaye kuyasikia maneno ya Gordon bila kukasirika. Basi kwa nini neno lile lile, lililotuudhi liliposemwa juu ya taifa, halituudhi tunapolisema juu ya mtoto wetu wenyewe mbele ya jiko letu?

Sitaki kukudanganya, msomaji. Sisemi kwamba watoto wote huzaliwa na vipaji sawa. Aliyefundisha darasa kwa mwaka mmoja ajua kwamba mtoto mmoja hushika jambo kwa mara ya kwanza, na mwenzake kwa mara ya tano. Tofauti zipo. Ninachokataa ni kiburi cha mtu adhaniye kwamba tofauti anayoiona katika karatasi ya mtihani ni tofauti ya vipaji na si kitu kingine. Hata mtu aliyeanzisha vipimo vya akili hakuwa na kiburi hicho. Alfred Binet wa Ufaransa alitunga kipimo chake mwaka 1905 ili kuwatambua watoto wa Paris waliohitaji msaada zaidi katika masomo. Aliwapinga vikali waliosema kwamba akili ya mtu ni kiasi kisichoweza kuongezeka. Kipimo kilitengenezwa kimwonyeshe mwalimu mahali pa kuanzia kazi. Wengine wakakigeuza kiwe ruhusa ya kuiacha kazi.

Wala huna haja ya kwenda Paris kutafuta ushahidi. Uko hapa kwetu, Embu. Mwaka 1984 wataalamu waliwapima watoto wa vijijini wa umri wa miaka 7 hivi kwa jaribio la maumbo. Mtoto huonyeshwa picha iliyokatwa kipande, akatakiwa kuchagua kipande kinachofaa kuijaza. Jaribio hilo halihitaji kusoma wala kuandika. Mwaka 1998, miaka 14 baadaye, watoto wengine wa umri huo huo katika wilaya hiyo hiyo walipewa jaribio hilo hilo. Matokeo yao yalikuwa bora sana kuliko ya wale wa kwanza, na habari hizo zilichapishwa mwaka 2003.

Fikiri maana yake. Watoto wa 1998 walikuwa wa mbari zile zile na damu ile ile. Katika miaka 14 damu ya watu haibadiliki. Wala si shule peke yake iliyowanyanyua, maana walipimwa wakiwa ndio kwanza wanaanza masomo. Wataalamu walipotafuta sababu, waliziona nyumbani: wazazi wengi zaidi walikuwa wamejua kusoma, jamaa zilikuwa zimepungua ukubwa, na chakula na afya za watoto zilikuwa zimetengenea. Kama akili ingekuwa urithi usiobadilika, kama mtoto wa nyoka angekuwa nyoka tu, watoto wa 1998 wangepata alama za kaka zao wa 1984. Hawakupata. Methali nyingi za wazee ni hazina, lakini hiyo ya nyoka haifai kuingia mlango wa shule.

Wilaya hiyo hiyo ilitoa ushahidi wa pili. Mwaka 1998 shule 12 za msingi zilitiwa katika uchunguzi wa chakula. Watoto wa darasa la kwanza katika shule nyingine walipewa githeri iliyoongezwa mafuta. Katika nyingine githeri na maziwa. Katika nyingine githeri na nyama. Na wengine waliendelea kama walivyokuwa. Baada ya kama miaka miwili, waliokula nyama walikuwa wameendelea kuliko wenzao wote katika jaribio la maumbo. Katika hesabu, wao pamoja na waliopewa githeri yenye mafuta waliwapita wasiopewa kitu. Hata uwanjani wala nyama walionekana wachangamfu zaidi, wakiongoza michezo. Maziwa hayakuleta faida kama hiyo katika jaribio la maumbo, na katika jaribio la maana za maneno chakula hakikuleta tofauti. Nayasema hayo kwa sababu ukweli hauhitaji kupambwa. Hata bila pambo watosha kutuaibisha: vipande vichache vya nyama katika sahani viliweza kubadili kile tulichokuwa tukikiita kichwa.

Hapa atasimama mpinzani wangu wa kwanza. Atasema, "Basi umekubali. Kila kitu ni nyumba. Aliyezaliwa katika nyumba maskini, shule itamfaa nini?" Mtu huyu ni hatari kuliko yule wa "hana kichwa," kwa kuwa amevaa joho la huruma. Walimu wengine hupenda maneno yake, maana yakiwa kweli, wao hawana lawama.

Wasemao hivyo huegemea taarifa mashuhuri ya James Coleman ya mwaka 1966, iliyochunguza shule za Marekani. Ilionyesha kwamba tofauti za nyumba zilikuwa na nguvu juu ya maendeleo ya watoto kuliko tofauti za shule zao. Lakini Marekani ni nchi ambayo karibu kila shule ilikuwa na vitabu, madawati na mwalimu aliyesoma. Stephen Heyneman alipowachunguza watoto wa shule za msingi jirani yetu Uganda, katika miaka ya 1970, aliona mambo tofauti: hali ya nyumba haikuyafunga matokeo kwa nguvu kama ilivyokuwa katika nchi tajiri. Mwaka 1983, pamoja na William Loxley, alilinganisha nchi 29, akaona kwamba kadiri nchi ilivyokuwa maskini, ndivyo ubora wa shule na wa mwalimu ulivyokuwa na uzito zaidi. Sababu yake si fumbo. Pale ambapo nyumbani hapana kitabu hata kimoja, kitabu kimoja cha shule ni kitu kikubwa. Kwa hiyo mwalimu wa Tharaka au wa Mbeere asemaye kwamba hawezi kitu kwa sababu watoto wake ni maskini amekosea kabisa. Ni kwa watoto hao hasa kwamba kazi yake ina uzito.

Shule nazo zina madeni yao. Januari 2003 serikali iliondoa ada katika shule za msingi, na watoto zaidi ya milioni moja wakaongezeka. Lilikuwa jambo jema, tena la haki. Lakini walimu hawakuongezeka kwa kiasi hicho, na madarasa yakafurika. Mwalimu aliyezungukwa na watoto wengi kupita kiasi hawezi kujua ni nani aliyekwenda mtoni alfajiri, ni nani haoni ubaoni, ni nani anayesikia kwa sikio moja. Mtoto asiyeona ubao hunakili vibaya. Anaponakili vibaya hukosa. Anapokosa huambiwa hana kichwa. Miwani ingemfaa kuliko kiboko.

Tazama pia Igembe na Tigania, nchi ya miraa. Miraa huchumwa na vijana wepesi wa kupanda, na mvulana aonaye fedha mkononi mwake jioni ile ile hushawishika kuiacha shule ambayo malipo yake ni ya miaka kumi ijayo. Akiisha kuondoka, husemwa kwamba hakuwa na akili ya masomo. Kumbe ni hesabu iliyomtoa shuleni! Alipima faida ya leo na ya kesho kwa kipimo alichopewa na wakubwa wake, wale wanaonunua jasho lake kwa bei ndogo huku watoto wao wenyewe wakiwa darasani.

Na akili yenyewe ina matawi mengi. Mwaka 2001 Robert Sternberg na wenzake walichapisha habari za watoto wa kijiji kimoja karibu na Ziwa Victoria, magharibi mwa Kenya. Watoto hao walijua majani na mizizi mingi ya dawa, na magonjwa yanayotibiwa kwa kila mti. Ikaonekana kwamba waliojua dawa zaidi walielekea kupata alama za chini katika majaribio ya namna ya shuleni. Je, watoto wale hawakuwa na kichwa? Walikuwa nacho, kilikuwa kimefanyishwa kazi nyingine, kazi ambayo nyumba zao ziliithamini. Mchunga mbuzi wa Mbeere ajuaye kila mbuzi kwa alama zake, na ajuaye kwa vumbi la njiani kwamba mmoja amepotea, amekwisha kuonyesha kwamba aweza kukumbuka, kulinganisha na kukata shauri. Shule isiyoweza kuifikia akili hiyo na ijilaumu yenyewe kwanza.

Mpinzani wa pili ni mzee mwema, na pengine ni baba yako. Atasema, "Mbona mimi nilisoma kwa koroboi, nikaenda shule miguu mitupu, nikashinda? Watoto wa siku hizi hawana bidii." Namheshimu mzee huyo. Walakini namwomba awahesabu wenzake aliokaa nao darasa la kwanza, waliosoma kwa koroboi ile ile na miguu mitupu ile ile. Wako wapi? Aliyevuka mto uliofurika hana haki ya kusema kwamba mto hauui. Bidii ni lazima, na mimi huidai kila siku. Lakini bidii ni mbegu, na hapana mkulima wa Imenti alaumuye mbegu kabla hajautazama udongo na mvua. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata kama yeye mwenyewe alikuwa na njaa miaka arobaini iliyopita.

Sasa nageuka kwako wewe unayesoma. Ikiwa wewe ni mmoja wa walio mbele, usione kwamba nimekuvua sifa yako. Umefanya kazi, nami nakupongeza. Lakini keti siku moja uhesabu vitu ulivyopewa bila kuviomba: kifungua kinywa, taa, mama aliyejua kusoma, mwalimu aliyekuuliza maswali. Ukiisha kuvihesabu, mtazame mwenzako wa nyuma, uone kama bado ulimi wako waweza kumwita mjinga. Na jambo lililokuingia upesi, umweleze. Utapoteza nusu saa. Yeye aweza kuokoa mwaka mzima.

Ikiwa wewe ni mmoja wa walio nyuma, sikiliza vizuri, maana insha hii nimeiandika kwa ajili yako. Sikuahidi kwamba utakuwa wa kwanza. Sikuambii kwamba kosa lote ni la wengine, kwa sababu mwanafunzi ajifichaye nyuma ya umaskini wake amejipa mwenyewe hukumu ile ile ya "hana kichwa," ila kwa jina jingine. Nakuambia hivi: nambari iliyo katika karatasi yako ni habari ya mambo yaliyopita, si tangazo la mambo yajayo. Iulize maswali. Je, nililala? Nilikula? Naona ubaoni? Nilielewa somo la mwaka uliopita ambalo la mwaka huu limejengwa juu yake? Nilimwambia mwalimu kwamba sikuelewa, au niliona haya? Baadhi ya majibu yatakuhusu wewe, na hayo uyarekebishe leo. Mengine yatamhusu mzazi au mwalimu, na hayo uyaseme kwa adabu, bila woga. Mwalimu mwema atashukuru. Mimi ningalishukuru kama yule msichana angaliniambia mapema. Lakini haki ilikuwa mimi nimwulize, si yeye aniambie.

Kwa miaka mingi, tangu 1985 mpaka 2023, watoto wa Kenya walimaliza shule ya msingi kwa mtihani mmoja mkubwa, na kwa wengi ulikuwa ndio mwisho wa matumaini. Mtihani huo umeondolewa, na masomo yamepangwa upya. Ni vyema. Lakini serikali haiwezi kuliondoa neno linalosemwa jioni mbele ya jiko. Hilo laweza kuondolewa na sisi tu. Kwa hiyo muhula ujao, karatasi ya ndugu yako mdogo itakapofunguliwa, na mtu mzima akavuta pumzi aseme lile neno la siku zote, wewe uliyesoma mambo haya usinyamaze. Sema kwa upole, kama impasavyo mtoto mbele ya wakubwa: "Mzee, kabla hatujasema juu ya kichwa chake, tuulize kwanza amekula nini, amelala saa ngapi, na nani amemfundisha." Kisha kaa karibu na ndugu yako, mfungue naye kitabu.